Mashine Mbili, Chumba Kimoja

Chumba cha mizani kilikuwa hakina dirisha, na aliyekitunza alikuwa hana subira. Humo ndani yalihifadhiwa mawe ya mizani, ya shaba na ya chuma kinachong'aa, makubwa kama kichwa cha mtoto na madogo kama punje ya mchele. Mizani zote za nchi hupimwa kwa mawe hayo: ya duka la dawa, ya sokoni, ya kiwandani. Jiwe likipata joto kidogo, mizani inasema jingine. Likipata unyevu linashika kutu, na kutu nayo ina uzito wake. Kwa hiyo chumba kilitakiwa kikae nyuzi ishirini za joto na asilimia hamsini ya unyevu, masika na kiangazi, kisiyumbe. Kazi ya kukishika kisiyumbe ilikuwa ya Barafu. Hilo ndilo jina walilomwita hata kwao nyumbani, kwanza kwa sababu alikuwa fundi wa ubaridi, na pili kwa sababu hakuwa mtu wa maneno matamu.

Tuseme ukweli, ilikuwa kazi ya watu wawili. Lakini ungemwambia Barafu hivyo angekugeuzia mgongo.

Jumatatu asubuhi mkuu wa maabara alimwita ofisini. Mkuu alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, na watu walimwogopa zaidi kwa upole huo. Aligeuza kompyuta yake ili Barafu aione.

"Hii ni nini, fundi?"

"Ni mstari wa unyevu wa chumba, Mkuu."

"Mimi naona msumeno."

Barafu akatazama. Mstari ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, meno juu ya meno. Kweli ulikuwa msumeno, na wa kukatia magogo.

"Alhamisi mkaguzi anakuja," Mkuu akasema. "Ataweka kipimo chake katikati ya chumba asubuhi, atakitoa jioni. Akikuta meno haya, cheti chetu kinaondoka. Cheti kikiondoka, chumba kinafungwa, mawe yanapelekwa mji mwingine, na wewe nakuhamishia kwenye viyoyozi vya ofisi."

"Mimi?"

"Viko vingi humu vinavyodondosha maji juu ya meza za watu. Hutakosa kazi."

 Chumba kile Barafu alikipokea kikiwa saruji tupu. Aliziba nyufa zake kwa mkono wake, akapachika mlango wa kwanza na wa pili, akaifunga mashine yake mwenyewe boliti kwa boliti. Sasa aende kupanda ngazi kugonga viyoyozi vya makarani? Ni sawa na kumwambia rubani akasukume bembea.

"Na mwenzako anasemaje?" Mkuu akauliza.

"Mwenzangu yupi?"

"Unamjua."

"Huyo ana mashine yake, Mkuu."

"Chumba ni kimoja, fundi."

"Mashine ni mbili," Barafu akasema, akatoka.

Mashine zilikuwa mbili kweli, kila moja kama kabati la nguo, moja kushoto kwa mlango na nyingine kulia. Ya kushoto ilikuwa ya Barafu tangu mwanzo. Ya kulia ililetwa mawe yalipoongezeka, na ilipoletwa ikahitaji mtu. Barafu mwenyewe ndiye aliyemleta huyo mtu: mume wa mdogo wake, fundi aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha uchapaji, ambako karatasi ikikauka inajikunja na ikilowa inagandana. Alimsifu kwa Mkuu mpaka mate yakamkauka. Mtu mzuri, shemeji yangu, mikono yake inasikia chuma.

Halafu Barafu akaenda kumzika mjomba wake. Aliporudi alikuta Shemeji ameifungua mashine ya kushoto, ameibadilishia mkanda wa feni, na mezani kwenye chai amewaambia watu, "Mashine ya shemeji yangu ilikuwa inaishi kwa dua." Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Siku ile Barafu aliweka namba ya siri kwenye mashine yake ili asiiguse mtu. Kesho yake Shemeji naye akaweka yake. Tangu hapo hawakusalimiana. Barafu alishika zamu ya asubuhi, Shemeji ya mchana, na ufunguo wa chumba ulining'inia kwenye msumari langoni ili mkono mmoja usikutane na mwingine.

Barafu alipotoka kwa Mkuu alijifunga kibwebwe. Kama kosa liko katika mashine yake, atalitoa hata kama limejificha ndani ya chuma. Alianza na machujio, akayapuliza. Akakagua mkanda, umekaza vizuri. Akasafisha mapezi ya ndani, yale mabati membamba yanayopoza hewa, kwa burashi laini, pezi kwa pezi, kama mtu anayemchana mtoto nywele. Akasikiliza kompresa, moyo wa mashine, kwa kuweka bisibisi sikioni na ncha yake kwenye chuma, akasikia mngurumo wa afya njema. Jumatatu ikaisha hivyo. Jumanne asubuhi akafungua tena, akarudia. Mashine haikuwa na ugonjwa. Akatazama mstari, na meno yalikuwa pale pale yakimcheka.

Akachukua chujio moja lililobaki na vumbi, akaenda nalo kwenye bomba la nyuma ya jengo kulisuuza.

Huko nyuma alimkuta mlinzi, ambaye wote walimwita Afande ingawa hakuwahi kushika silaha zaidi ya rungu, amechuchumaa katikati ya bustani ya nyanya.

"Angalia mguu, fundi. Usinikanyagie mche."

Barafu akaangalia mguu. Kisha akaangalia bustani. Kiangazi kilikuwa kimekaza mji mzima. Nyasi za mbele ya jengo zilikuwa zimegeuka rangi ya mkeka wa zamani, na midomo ya watu ilipasuka wakicheka. Hapa nyuma nyanya zilikuwa zimesimama kijani, zimelemewa na matunda, na udongo chini yake ni mweusi umelowa.

"Wewe hukuona tangazo langoni?" Barafu akasema. "Hakuna kumwagilia bustani mpaka mvua inyeshe."

"Mimi simwagilii kitu. Ninamwagiliwa."

"Na nani?"

Afande akanyoosha rungu. Kwenye ukuta palitokeza bomba jembamba, bomba la kutolea maji la mashine ya kushoto. Lilikuwa halidondoshi tu, lilikuwa linatiririka.

Hapa lazima ujue jambo moja. Mashine ya namna hii inakausha hewa kwa kuipitisha kwenye mabomba baridi. Unyevu unagandia pale kama jasho la chupa iliyotoka kwenye jokofu, unachuruzika, unatoka nje kwa bomba lile. Masika bomba hulia kutwa. Kiangazi linatakiwa liwe kavu kama koo la msafiri.

"Linatoka hivi tangu lini?"

Afande akafikiri. "Tangu wewe na shemeji yako mlipoacha kusalimiana. Wanasema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Mimi fahali wangu wakipigana, nyanya zinanenepa. Endeleeni tu, sina neno."

"Nipe hilo kopo."

Kopo likajaa haraka. Barafu akaliinua, akaonja yale maji kwa ncha ya ulimi kana kwamba yangemwambia yametoka wapi. Nje hakuna unyevu. Chumba kimezibwa, milango miwili, hakuna anayeingia na ndoo. Maji haya yametoka wapi?

Akayamwaga, akarudi ndani mbio, akasimama mbele ya mashine ya kulia. Hakuwahi kuisogelea hivyo tangu ule ugomvi. Chini yake kulikuwa na mtungi wa mvuke, kazi yake kuchemsha maji na kupuliza mvuke hewa inapokauka kupita kiasi. Akaweka kiganja karibu nao. Ulikuwa unachemka kwa nguvu, kama chungu cha maharage.

Hapo akaelewa, na alipoelewa akaketi sakafuni. Mashine ya Shemeji ilichemsha maji ikayapuliza chumbani. Mashine yake yeye iliyakamata yale yale ikayatupa kwenye nyanya. Ya kulia ikiona hewa imekauka ikaongeza moto, na ya kushoto ikiona hewa imelowa ikaongeza baridi. Usiku na mchana. Ni kuteka maji kwa pakacha, na pakacha lenyewe wamelishika watu wawili. Kila jino la msumeno wa Mkuu lilikuwa ni mashine moja imeishinda nyingine kwa muda.

Wazo lake la kwanza lilikuwa la kibarafu: auzime ule mtungi wa mvuke, basi. Akabonyeza. Mashine ikamwomba namba ya siri. Akabaki anaikodolea macho. Nani alifundisha watu wa chumba hiki kuwekeana namba za siri?

Akatoka, akampigia simu mdogo wake.

"Mwambie mumeo awahi leo."

"Mwambie mwenyewe, kaka. Namba yake haijabadilika."

"Nimekwambia wewe."

"Mimi nilizaliwa mdogo wako, sikuzaliwa waya wa simu. Kutwa mwambie kaka yako, mwambie mumeo. Nyinyi mnanuna, mimi nakauka koo. Leo waya umekatika." Na kweli akakata.

Barafu hakuondoka zamu yake ilipoisha. Alikaa langoni kwenye benchi la Afande, mikono magotini, macho barabarani. Shemeji akatokea, mtu mnene, anapiga mluzi, mkoba wa vyombo begani. Alipomwona Barafu mluzi ukakatika. Akanyoosha mkono kwenye msumari, ufunguo haupo. Upo kiganjani mwa Barafu.

"Afande," Barafu akasema, akitazama mbele, "mwambie huyo bwana kuna jambo."

"Afande," Shemeji akasema, naye akitazama mbele, "mwambie shemeji yangu masikio yangu yako papa hapa."

"Mimi nimeajiriwa kulinda lango," Afande akasema. "Habari za kikwenu sizijui."

 Gari likapita. Barafu alikuwa na neno moja la kusema, na neno lenyewe lilikuwa fupi, lakini lilikataa kutoka. Akakiona chumba kimefungwa, taa zimezimwa, mawe yamefungwa kwenye makasha. Akajiona yeye juu ya ngazi, maji ya kiyoyozi cha karani yakimchuruzikia kwapani. Akapiga moyo konde.

"Shemeji," akasema. "Njoo uone nyanya."

Shemeji aliziona. Aliona bomba, akaweka kidole kwenye maji, akamtazama Barafu, na hakuhitaji kuelezwa. Mikono yake ilisikia chuma na kichwa chake hakikuwa nyuma.

"Huo ni mvuke wangu," akasema.

"Ni wako."

"Unautupa nje."

"Wewe unauchemsha wa nini?"

"Nachemsha kwa sababu wewe unakausha. Hewa ikikauka, yale mawe madogo yanashika umeme, ule wa kukurusha ukivua sweta. Jiwe linagandia koleo. Nimeyaona kiwandani, karatasi zinagandana kama zina gundi."

"Na mimi nakausha kwa sababu wewe unalowesha. Shaba ikilowa inaota kutu. Unataka tupime dawa za watu kwa kutu?"

"Umeiweka ngapi mashine yako?"

Barafu akasita. "Arobaini na tano. Kwa usalama. Yako?"

Shemeji akakuna shingo. "Hamsini na tano. Kwa usalama."

"Mkuu alisema hamsini."

"Mkuu alisema hamsini," Shemeji akakubali.

Afande, aliyekuwa amewafuata na kujifanya anakagua ukuta, akasema, "Afadhali mngeniuliza mimi."

Wakaingia chumbani pamoja. Kila mmoja akafungua mashine yake, kila mmoja akiziba vitufe kwa kiganja mwenzake asione namba, wakaziweka zote mbili hamsini. Barafu akadhani mambo yamekwisha. Wakasubiri wamekaa kila mmoja kwenye ndoo yake. Baada ya muda mtungi wa mvuke ukaanza kuchemka. Nje bomba likaanza kutiririka.

"Bado unachemsha," Barafu akasema.

"Mashine yangu inasema chumba kina arobaini na tatu. Yako inasemaje?"

Barafu akatazama. "Hamsini na tano."

Chumba kimoja, hewa moja, na kila mashine inasema lake. Kila moja ilikuwa na pua yake, ndivyo mafundi walivyokiita kile kidude chenye waya, kidogo kama kizibo cha kalamu, kinachonusa unyevu na kuiambia mashine.

"Pua moja inasema uongo," Shemeji akasema.

"Yako."

"Yangu ni mpya."

"Upya si ukweli. Yangu imenusa chumba hiki tangu hujui kwamba kipo."

"Ndiyo maana imechoka."

"Shemeji, usianze."

"Sijaanza, naendelea."

Mkuu alikuwa mlangoni. Hawakujua alifika lini, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia vya kutosha.

"Mstari wangu unatokana na pua hizo hizo, na kipimo chetu cha unyevu kiko kwa mkaguzi, atakuja nacho mwenyewe," akasema. "Kwa hiyo hatuna wa kuamua. Ila jikoni kuna chumvi."

"Chumvi?" wakauliza pamoja.

"Chumvi ya mezani. Ilowesheni kidogo iwe kama uji mzito, isiwe maji. Itieni kwenye chupa pana, ingizeni pua zote mbili humo bila kugusa chumvi, mzibe mdomo wa chupa vizuri. Ndani ya chupa hiyo hewa itatulia kwenye asilimia sabini na tano. Chumvi haina shemeji. Asubuhi someni."

Barafu aliwahi kusikia hilo jambo alipokuwa anajifunza kazi, akalisahau, akaona haya kidogo. Shemeji alikwenda kuleta chumvi. Wakafunga upande wa unyevu wa mashine zote mbili, wakaacha ubaridi peke yake. Wakachomoa pua, wakavuta waya mpaka katikati, wakaziingiza mdomoni mwa chupa moja. Barafu alizungushia utepe wa kuzibia, Shemeji akashika chupa isitikisike. Vichwa vyao vilikaribiana kiasi cha kugongana.

Usiku ule Barafu hakufurahia chakula. Aliiombea pua yake kama mtu anayeombea ndugu aliye kizuizini.

Asubuhi alifika mapema, akamkuta Shemeji amekwisha kufika, ingawa zamu haikuwa yake.  Wakaingia. Ya kulia ilisema sabini na tano, imekaa hapo hapo kama kuku aliyelalia mayai. Ya kushoto ilisema themanini na saba.

Barafu aliisoma. Akaisoma tena, kana kwamba namba ingeona haya ikabadilika. Pua yake mwenyewe, aliyoifuta vumbi kila wiki kwa kitambaa safi, ilikuwa imelewa. Kwa muda wote huo ilimwambia chumba kimelowa nacho hakijalowa, naye akakausha, na kukausha, na kumlaani mwenziwe aliyekuwa anarudisha alichokitupa yeye.

Alisubiri kicheko. Alikijua, kilikuwa kikubwa, kilitikisa tumbo. Hakikuja.

"Ule mkanda wako," Shemeji akasema akiwa anaangalia chupa, "haukuwa umekufa. Ulikuwa na maisha bado. Lile neno la dua nililisema ili watu wacheke."

"Walicheka."

"Walicheka, ndiyo."

Barafu akavuta pumzi. "Pua yangu ndiyo mwongo," akasema. Alilitamka lote, hakulimung'unya. "Nipe bisibisi."

Kulikuwa na sehemu ndani ya mashine ya kurekebisha pua iliyopotoka, kuiambia: unachosema, punguza hiki. Barafu akaipunguza. Lakini akasema wazi kwamba haiamini tena, mwongo akifundishwa kusema kweli bado ni mwanafunzi. Wakakubaliana: mvuke utoke kwa mashine ya kulia peke yake. Ya kushoto ipoze tu, isikaushe mpaka unyevu uvuke kiwango ambacho kiangazi hakiwezi kukifikia. Na zote zielekee hamsini ya Mkuu, si arobaini na tano ya mtu wala hamsini na tano ya mtu.

"Tatizo ni moja," Shemeji akasema. "Kesho mmoja wetu akiwa hayupo, na mashine ya mwenzake ikaharibika, atafanyaje? Zimefungwa."

 Barafu aligeukia mashine yake, akabonyeza namba ya siri, polepole, na safari hii hakuziba vitufe kwa kiganja. Shemeji alitazama. Kisha akaenda kulia, akafanya vivyo hivyo.

Walikaa mchana kutwa wakiutazama mstari wa Mkuu. Meno yakawa vilima, vilima vikawa matuta, na kabla ya kuondoka kwao mstari ulikuwa umelala kama kamba iliyovutwa. Mtungi ulitoa mvuke kidogo tu, mara moja moja, kama mzee anayekohoa. Barafu alikwenda nyuma kuangalia bomba. Lilikuwa kavu. Afande alimwangalia kwa jicho la mtu aliyefiwa.

Alhamisi mkaguzi akafika na sanduku lake, mtu mwembamba, mwenye viatu laini. Akaweka kipimo katikati ya chumba, akatoa kila mtu, akafunga mlango wa ndani. Mafundi waliruhusiwa kukaa katika ule ukumbi mwembamba kati ya milango miwili, ambako kulikuwa na vioo vidogo vya kusomea mashine na vitufe vya pili vya kuziamrisha. Hakuna kuingia. Mwili wa mtu ni jiko, akasema, na pumzi yake ni mvuke. Barafu alimpenda hapo hapo.

Jua lilipopanda sana Barafu hakuweza kukaa. Joto linalotolewa chumbani halipotei, linapelekwa kwenye mitambo ya juu ya paa ikalimwage, na jua la siku ile lilikuwa la kukaanga. Alichukua ndoo na burashi, akapanda paani kuisafisha mitambo vumbi ipumue. Bati lilimchoma nyayo kupitia viatu. Alikuwa amekwisha kusafisha mmoja, mkono uko kwenye wa pili, feni zikasimama ghafla.

Kimya. Umeme umekatika.

Halafu jenereta likapiga kelele nyuma ya jengo, feni zikaanza kuzunguka, na Barafu akaiangusha burashi. Mashine ya kulia ilikuwa ya kisasa, ikizimika inakumbuka ilichoambiwa. Ya kwake ilikuwa na tabia ya wazee: ukiiamsha ghafla, inakumbuka ya zamani. Ingerudia arobaini na tano. Ingesahau kwamba pua yake ni mwongo. Ingeanza kukausha chumba kwa nguvu zake zote, na mkaguzi angepata jino lake moja, kubwa, la kutosha.

Alishuka ngazi anarukia vipago viwili viwili. Ndoo iliangukia huko. Alikata kona ya jengo, akapita katikati ya nyanya, na safari hii hakuangalia mguu.

"Fundi!" Afande akapiga kelele nyuma yake. "Mche!"

Aliufungua mlango wa nje huku jasho limemwingia machoni. Shemeji alikuwa amesimama mbele ya vitufe vya kushoto, kidole chake kikubwa kikiwa hewani, anaisoma namba ya mwisho. Hakugeuka.

"Nimeirudisha," akasema. "Hamsini. Na ya pua pia. Haikuwahi kufanya kitu."

Barafu akaegemea ukuta. Alikuwa anahema.

"Rudi nyuma, shemeji," Shemeji akasema. "Unatoa mvuke kuliko mtungi wangu."

Jioni mkaguzi akatoa kipimo chake, akakichomeka kwenye kompyuta ya Mkuu. Wote wanne wakainama. Mstari ulikuwa umelala. Mahali pamoja tu, pale umeme ulipokatika, ulikuwa na kijituta kidogo, kama kunguru amekaa juu ya waya.

"Hapa palitokea nini?" mkaguzi akauliza.

"Umeme ulikatika," Barafu akasema. "Mashine yangu ikasahau. Mwenzangu akaikumbusha."

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akaandika.  Mkuu alimtazama Barafu kidogo tu, kisha akairudisha kompyuta yake mahali pake. Lakini kesho yake ubaoni, pale panapoandikwa zamu, jina la Barafu lilikuwa chumba cha mizani, na jina la Shemeji lilikuwa chini yake, na karani alikuwa ametafutiwa mtu mwingine wa kiyoyozi chake.

Wiki ile ile nyanya zikaanza kulegea. Afande aliwasubiri langoni, rungu kwapani.

"Mlipokosana nilivuna," akasema. "Mmepatana, nakauka. Na mche mmoja umeuawa na fundi mwenyewe, nina mashahidi."

"Bomba halitatoa tena mpaka masika," Barafu akasema.

"Basi kosaneni kidogo. Hata siku moja moja."

Barafu alimtazama, akaingia ndani, akatoka na ndoo ya maji yaliyobaki walipouosha mtungi wa mvuke. Akaibeba mpaka nyuma, Shemeji akamfuata na kopo. Barafu akaanza kumimina kwenye mizizi.

"Maji mengi hayo," Shemeji akasema. "Utaiozesha mizizi."

"Mmea wenyewe umelegea, huoni?"

"Umelegea kwa jua. Upe kidogo kidogo."

"Wewe ulikuwa unachapa karatasi. Nyanya umezijulia wapi?"

"Nyumbani kwetu. Ungekuja hata siku moja ungeziona."

Barafu akasimama na ndoo mkononi. "Jumapili nitakuja," akasema. "Nikague."

"Kagua. Ila huyo mdogo wako hataki maneno ya kupitishiwa. Useme mwenyewe unachotaka kula."

"Nitasema." Akainama tena na ndoo. "Shika kopo lako vizuri, unamwaga pembeni."